Resini inapokudhuru: anza na dalili, rudi nyuma hadi kwenye chanzo

Wengi wanaomimina resini, kimiminika kinachoganda kuwa kama plastiki ngumu, wawe wanatengeneza meza ya mninga yenye mto wa buluu katikati au hereni zenye maua makavu, hupima hatari kwa pua. Ikinuka wanafungua dirisha, isiponuka wanajiona salama. Kipimo hicho ndicho kinachowaponza. Epoksi, aina ya resini ambayo karibu hainuki, inaweza kukuharibia ngozi kiasi cha kutoishika tena maisha yako yote. Poliesta, inayonuka mtaa mzima, ina hatari zake nyingine kubwa: moto na macho. Jambo la pili linalopotosha ni muda. Madhara mengi hayaji siku ya kazi. Yanakuja kesho yake au kesho kutwa, ukiwa umeshasahau ulishika nini, ukasingizia sabuni mpya au dagaa.

Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye dalili, kisha tunarudi nyuma.

Kwanza jua uliyonayo

Epoksi huuzwa kwa chupa mbili, resini na hadena (kigandishi chake), kwa uwiano kama 1:1, 2:1 au 3:1. Poliesta ni dumu moja kubwa na kichupa kidogo cha hadena inayotiwa kwa asilimia 1 hadi 2 tu. Ndiyo ya mafundi wa faiba, wa boti na matangi. Poliyurethani nayo ni chupa mbili, lakini nyingi huganda ndani ya dakika chache na zinauchukia unyevu. Resini ya UV ni chupa moja, hukaushwa kwa taa.

Ukiwa na lebo, tafuta namba zinazoanza na herufi H. H317 maana yake inaweza kuleta mzio wa ngozi. H334 ni mzio wa njia ya hewa, na hiyo ni ya kuogopwa zaidi. H226 ni kimiminika kinachoshika moto. Kama umepimiwa dukani kwenye chupa ya maji isiyo na lebo yoyote, rudi kwa muuzaji umuulize jina, tena uliandike kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika kabla ya kufika nyumbani. Nitarudi kwenye chupa hizo, maana zina balaa lake.

Mikono inawasha, vipele vimetoka

Maswali mawili: vimetoka lini, na vimetoka wapi?

Kama ngozi ilianza kuchoma na kuiva ndani ya dakika au saa chache baada ya kumwagikiwa, na wekundu umebaki palepale palipolowa, huo ni mchomo wa kemikali. Hadena nyingi za epoksi ni kemikali za jamii ya amini, zenye ukali wa kuunguza. Vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi na sabuni, ipumzishe ngozi. Mara nyingi hupona ukiacha kuichokoza.

Kama vipele vimekuja baada ya siku moja hadi tatu, vinawasha kuliko kuuma, vina vilengelenge vyenye majimaji na vinasambaa hata mahali ambapo resini haikufika, shuku mzio. Hapa watu hubisha sana: mbona mwaka mzima naishika na sijapata kitu? Ndivyo mzio huu ulivyo. Unajengeka kimyakimya kwa kugusa mara kwa mara, kisha siku moja unafunguka. Kinga ya mwili ikishaitambua epoksi kama adui haisahau, na tangu hapo kiasi kidogo mno kinatosha kuuamsha. Kubadilisha chapa hakusaidii sana, kwa kuwa epoksi nyingi za madukani zimetengenezwa kwa kemikali ileile ya msingi, tofauti ni rangi ya lebo na bei.

Pwani kuna mtego wa ziada: harara. Joto la Dar au Mombasa linapopanda kila kipele hupewa jina hilo. Lakini harara hupenda penye jasho lililofunikwa, yaani shingoni, mgongoni, kwapani na chini ya mkanda. Vipele vya resini hupenda mgongo wa kiganja, katikati ya vidole, na kifundo cha mkono pale glavu inapoishia. Hupenda pia kope za macho. Kope zikivimba asubuhi na huna kumbukumbu ya kugusa uso, ama ulifuta jasho na glavu chafu, ama ni vumbi la msasa au mvuke. Ngozi ya kope ni nyembamba, kwa hiyo hutangulia kulalamika.

Sasa chanzo. Mimi ningeanza kukagua unavyonawa, kabla ya kitu kingine chochote. Kunawa mikono kwa thina, asetoni au petroli ndilo kosa lililoenea kuliko yote kwenye karakana zetu. Ni kweli resini inatoka. Lakini thina inaiyeyusha resini na kuondoa mafuta ya ngozi kwa wakati mmoja, na ngozi iliyokauka na kupasuka ni mlango wazi. Kinachofaa ni kuifuta kwanza kwa karatasi kavu, ukapaka mafuta ya kupikia yakailegeza, kisha sabuni ya maji na maji mengi. Ikishaganda ngozini usiibandue kwa kisu, itatoka yenyewe ngozi inapojibadilisha.

Pili ni glavu. Zile nyeupe za mpira, za lateksi, hazizuii epoksi ipasavyo. Za nitraili, mpira wa aina nyingine, ni bora, lakini zile nyembamba za pakiti ni za kukinga matone, si za kuzamisha mkono. Zikichafuka, vua, vaa nyingine. Na ukimwagia asetoni juu ya glavu ya nitraili ili kuisafisha, umeiharibu, kwa kuwa asetoni huipenya ndani ya dakika chache na kuibeba resini pamoja nayo. Glavu iliyotumika jana ikageuzwa ndani nje leo ni mbaya kuliko kutovaa kabisa, maana inaifungia resini kwenye jasho lako. Kwa kazi ndefu tafuta glavu nene za mpira wa butaili. Ni ghali, lakini hazitupwi kila siku.

Tatu ni vitu vilivyoguswa na glavu: simu, kitufe cha mizani, kitasa, kifuniko cha chupa, usukani. Resini isiyochanganywa na hadena haikauki. Tone lililobaki kwenye kifuniko cha chupa linakungoja wiki mbili likiwa bichi vilevile. Anayesafisha chumba bila glavu, mara nyingi mtoto wa nyumbani au dada wa kazi, hulipata yeye.

Ukishuku mzio, simamisha kazi kabisa na umwone daktari wa ngozi. Kipimo kipo: wanabandika vipande vyenye kemikali mbalimbali mgongoni, wanavitoa baada ya siku mbili, na kusoma tena siku zinazofuata. Resini ya epoksi imo kwenye orodha ya kawaida ya kipimo hicho. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kinachohudumia ukanda mzima, na madaktari waliosomea pale wametapakaa Afrika Mashariki. Nenda na picha ya lebo. Usijinunulie krimu ya mchanganyiko yenye steroidi kali dukani ukaendelea na kazi: itazima mwasho, wewe utaendelea kushika, na ngozi itakuwa nyembamba huku tatizo likikua chini yake.

Wanaotumia resini ya UV wasidhani hili haliwahusu. Ndani yake mna akrileti, kemikali za jamii moja na zile za kucha za jeli saluni. Dalili zake ni ncha za vidole kupasuka, kucha kunyanyuka na ngozi ya pembeni kuwasha. Ukipata mzio wa akrileti mwambie na daktari wako wa meno, kwa kuwa baadhi ya vijazio vya meno ni vya jamii hiyohiyo.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, macho yanachoma

Hii kwa kawaida ni poliesta. Kinachonuka ni stairini, na dalili zake ni kama za mtu aliyelewa kidogo: kichwa kizito, kichefuchefu, maamuzi ya ovyo. Toka nje upate hewa. Ukijisikia nafuu baada ya nusu saa usijipongeze, chumba bado ni kilekile. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka stairini kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo suala si kichwa cha leo tu.

Chanzo cha kwanza cha kutazama ni hewa. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa mpya, kinazungusha ileile na kuipoza. Mvuke wa stairini ni mzito kuliko hewa na hushuka chini, kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, mlango lazima uwe wazi. Weka feni mlangoni, nyuma yako, isukume hewa safi kuja kwako na kutokea upande wa pili. Usiiweke feni ya kawaida upande wa kutolea ili mvuke upite kwenye mota na swichi.

Sababu ya kuisisitiza feni ni hii: stairini huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto kwenye nyuzi joto kama 31. Kule ambako maelekezo mengi ya kiwanda yanaandikwa, hiyo ni siku ya kiangazi kikali. Kwetu pwani ni saa nane mchana mwezi Februari. Jiko la mkaa la mama lishe jirani, sigara, mashine ya kuchomelea vyuma, vyote ni viwashio.

Chanzo cha pili ni barakoa isiyo yake. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke. N95 nayo ni ya vumbi, mvuke unapita. Unahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kikaboni. Kwa mfumo wa Ulaya vina mkanda wa kahawia na herufi A, kwa mfumo wa Marekani rangi ni nyeusi. Ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, ama kichujio kimekwisha ama haijakaa sawasawa. Ndevu huifanya isikae. Na kichujio kilichoachwa wazi kwenye msumari ukutani kinaendelea kunyonya mvuke hata usipokuwepo. Kitie kwenye mfuko au kopo linaloziba.

Kifua kinabana, kikohozi cha usiku

Hapa sitazunguka. Kama unatumia poliyurethani na umeanza kukohoa usiku, kupiga mluzi kifuani au kuishiwa pumzi, na nafuu inakuja siku za mapumziko, acha. Upande mmoja wa resini hiyo ni isosayaneti, sababu inayojulikana vizuri ya pumu ya kazini. Dalili zinaweza kuja saa kadhaa baada ya kazi, ndiyo maana watu husingizia vumbi la barabarani. Aliyekwisha kupata mzio huu anaweza kubanwa vibaya na kiasi ambacho pua haikisikii kabisa, na kwa sababu hiyo harufu haiwezi kukuambia kichujio kimekwisha. Mwone daktari, umtajie jina la kemikali. Kurudi kazini na barakoa mpya si suluhisho kwa mtu huyu.

Kikombe kimepata moto, kinafuka moshi

Resini haikauki kama rangi ya ukutani. Inaganda kwa kujibu, yaani kemikali zake kuungana, na majibu hayo hutoa joto. Ikiwa nyingi mahali pamoja joto halina pa kutokea, linaharakisha majibu, majibu yanaongeza joto. Kikombe cha epoksi kinaweza kupita nyuzi 200, kikayeyusha plastiki na kutoa moshi mkali.

Mchanganyiko ukiwa umekwishafuka moshi: usiushike, usiuinamie, usiufunike. Kama unaweza kuuinua kwa koleo au sepetu, utoe nje uweke juu ya mchanga au sakafu tupu, mbali na mbao na jua. Kama huwezi, toka mwenyewe, waite wengine watoke, na Tanzania zimamoto ni 114. Usiumwagie maji ukiwa karibu, resini iliyochemka itakurukia. Na kamwe usiutupe kwenye pipa la unga wa mbao. Mioto ya namna hii huanza fundi akiwa ameshafunga mlango.

Sababu ni chache na zinajulikana. Umechanganya nyingi mno kwa mara moja. Au umemimina unene usioruhusiwa: resini ya kupaka juu ya meza huvumilia milimita chache kwa tabaka, wakati ya kumimina kwa kina imetengenezwa ijibu polepole. Au umeamini muda ulioandikwa kwenye chupa. Muda huo kwa kawaida umepimwa kwa nyuzi 25 na gramu 100. Kila nyuzi 10 zikipanda, muda hupungua karibu nusu; dakika 40 za kwenye lebo ni kama 20 kwenye karakana ya mabati yenye nyuzi 35. Fanya kazi alfajiri, changanya kidogo, na ukishakoroga mimina kwenye trei pana badala ya kuiacha kwenye kikombe.

Kwa poliesta sababu ni hadena kuzidi. Na hapa pana onyo lisilo na mjadala: hadena hiyo ni peroksidi, na ikikutana moja kwa moja na kichocheo cha kobalti, kile kimiminika cha zambarau wanachouziwa mafundi faiba, inaweza kulipuka. Kobalti hutiwa kwenye resini na kukorogwa hadi iishe, ndipo peroksidi ifuate. Visikae rafu moja, na visichotwe kwa kijiko kimoja.

Kazi imeganda lakini inanata

Utashangaa hili kuwa kwenye mwongozo wa usalama. Liko hapa kwa sababu kitu kinachonata ni resini mbichi, na watu hukipapasa kwa vidole vitupu siku nzima kuona kama kimekauka, kisha hukipiga msasa kwa hasira.

Fundi aliyetoka kwenye faiba ndiye huangukia hapa. Kwenye poliesta, kuongeza hadena kidogo huharakisha. Kwenye epoksi hakuna hesabu hiyo. Kila sehemu ya hadena inahitaji sehemu yake ya resini, na iliyozidi inabaki mbichi ndani ya kazi moja kwa moja. Angalia pia kama uwiano kwenye chupa ni wa uzito au wa ujazo, kwa kuwa hadena ni nyepesi kuliko resini na namba hizo mbili hazilingani.

Wakati wa masika unaweza kukuta utando kama nta juu ya epoksi iliyoganda vizuri chini yake. Huo unatokana na hadena kukutana na unyevu na hewa ya ukaa. Unatoka kwa maji na sifongo. Uoshe, tena na glavu mkononi, kabla ya msasa. Thina itausambaza tu.

Kuhusu msasa wenyewe: epoksi iliyoganda jana bado haijakomaa, na vumbi lake linaleta mzio sawa na maji yake. Nyingi huhitaji kama siku 7. Tumia msasa wa maji ukiweza, vaa barakoa ya vumbi ya FFP2 au N95, na usijipulize nguo kwa kompresa ukimaliza. Hilo la kompresa najua halitasikilizwa, lakini nimelisema.

Imerukia jichoni, au mtu ameinywa

Kimbilia maji, maelezo baadaye. Peroksidi ya poliesta inaweza kumpofusha mtu, na inaanza kuharibu ndani ya sekunde. Suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimeshikwa wazi, kichwa kimelala upande ili maji yasiingie jicho lile jingine lisilodhurika. Lenzi kama zipo zitolewe. Usitie maziwa wala dawa ya macho iliyobaki kabatini. Kisha hospitali, na chupa au picha yake. Kwa kuwa bomba letu lina siku zake, dumu la lita 20 lenye koki, limejaa maji safi, likae hatua chache kutoka mezani, kabla hujafungua chupa ya kwanza. Miwani ya kuziba pembeni ni bei ya chakula cha siku mbili.

Aliyekunywa asukutue mdomo. Asitapishwe, wala asilazimishwe maziwa, kwa kuwa kinachounguza wakati wa kushuka kitaunguza tena kikipanda. Apelekwe mara moja. Na hapa ndipo zinaporudi zile chupa za maji: peroksidi haina rangi, na kwenye chupa ya nusu lita mtoto mwenye kiu haoni tofauti. Kataa kupimiwa humo. Ukilazimika, chukua chombo cha plastiki cha kemikali, kiandike, kikae kivulini mahali penye ubaridi, juu kuliko mtoto anavyofika. Peroksidi isiwekwe kwenye chombo cha chuma, kutu huichochea ioze na kutoa gesi.

Mabaki

Resini isimwagwe chooni wala mtaroni. Changanya mabaki kwa uwiano wake, kidogokidogo, kwenye trei bapa nje, yagande yapoe, ndipo yatupwe kama taka ngumu. Matambaa yenye peroksidi au asetoni yalowekwe maji kwenye ndoo ya nje yenye kifuniko, si kukunjwa yakaachwa kona ya karakana usiku. Chupa ya hadena iliyokwisha bado ina kilichobaki ukutani mwake: itoboe kabla ya kuitupa, maana isipotobolewa kuna mtu ataiokota akaweke mafuta ya kula.